Vifuniko Viwili vya Bluu

Mimi ni fundi wa saa. Nimekaa kwenye ujia wa jengo moja karibu na Luthuli Avenue, katikati ya jiji, meza moja na taa ya shingo ndefu, tangu mwaka wa mvua za El Niño. Kazi yangu ni kutazama. Mteja akileta saa iliyosimama huwa ameshaamua ugonjwa wake njiani: ni betri, fundi, au, iliingia maji. Simjibu. Nafungua kifuniko cha nyuma, nabana lenzi jichoni, natazama. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata wiki ya Krismasi, saa zikiwa zimejaa mezani kama maharagwe: kasoro usiyoiona, usiitaje. Sharti hilo nililivunja mara moja, nyumbani kwangu Kangemi, na aliyeumia hakuwa mimi.

Lakini nianze na wadudu. Mapenzi haya yalinipata pale pale mezani. Mwaka 2006 mama mmoja aliniletea saa ya ukutani yenye sanduku la mbao, mali ya marehemu babake, iliyokuwa ikisimama kila baada ya siku mbili. Nilipoifungua nilikuta unga laini kama wa muhogo umeingia kwenye magurudumu, na ndani ya unga kidudu mweusi wa umbo la risasi, hafiki nusu sentimita. Kichwa sikukiona. Nilimgeuza na kumgeuza chini ya lenzi mpaka nikakigundua: kimeinamishwa chini ya kifua, kama mtu aliyejivutia kofia ya sweta mpaka machoni. Alikuwa akitoboa mbao zile kwa muda mrefu, na saa ikihesabu juu yake. Nilisafisha mashine, nikamshauri yule mama sanduku litiwe dawa, kidudu nikamtia kwenye kikasha cha betri. Ilinichukua miaka kujua kwamba ni wa ukoo wa Bostrichidae, ndugu wa dumuzi, yule mla mahindi aliyevuka kutoka Tanzania akaingia Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima wetu walikuja kumwita Osama kwa jinsi anavyoangamiza ghala.

Tangu siku hiyo sijaacha. Viberiti vitupu, vichupa vya dawa ya macho, spiriti ya kusafishia saa, vibanio vyangu vya kazi: vyote vilipata kazi ya pili. Kilichonisumbua ni jina. Nairobi mende ni wa jikoni, basi. Ukisema mdudu umetaja kila kitu kuanzia kupe mpaka kipepeo. Pwani wana dundu, na wana kifaurongo, yule ajifanyaye maiti akiguswa. Kwenye kamusi nilikutana na mbawakawa, nikalipenda neno hilo mara moja kwa sababu linaanzia hasa mahali pa kutazama, yaani kwenye mbawa. Mabawa ya mbele ya mbawakawa yamegeuka kuwa vifuniko vigumu, na ya kurukia yamefichwa chini yake. Wagiriki wa kale nao waliona hivyo hivyo, wakamwita mwenye bawa ndani ya ala, na jina lao, Coleoptera, ndilo la kitaalamu hadi leo. Aina zilizokwisha kupewa majina duniani ni karibu 400,000. Hakuna kundi jingine la wadudu lenye majina mengi kiasi hicho, na nikiwa nimejikunja kwenye matatu ya Waiyaki Way jioni hupenda kuikumbuka idadi hiyo.

Ploti yetu iko upande wa chini wa Kangemi, barabara inapokwisha na bonde kuanza. Vyumba kumi na viwili vinatazamana, katikati kamba za nguo, na bomba moja. Nyuma ya ukuta kuna vishamba vya nduma, sukumawiki na nepia vinavyoteremka mpaka kijitoni. Juu yetu, upande wa barabara, inasimama mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu inayomwaga mwanga juu ya mabati usiku kucha. Kwa mtu anayetafuta wadudu hakuna mahali pazuri kuliko pale: bonde lenye maji chini, taa kubwa juu, na sisi katikati.

Mvua za vuli za 2019 zilipita kiasi. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na tangu Oktoba hadi Desemba mawingu hayakuachia. Nduma zilifunikwa na maji. Kuta za vyumba zikaota ukungu. Jioni wadudu walikuja kwenye taa kwa wingi ambao sikuwahi kuuona tangu nianze kukusanya, nami nilikuwa na furaha, hilo nalikiri.

Jumanne moja ya Novemba nilifika nyumbani giza limeshaingia nikakuta watu wamesimama kwenye mlango wa nne kutoka kwangu. Mama wa chumba kile hufanya kazi mjini na hurudi usiku. Mwanawe wa miaka mitatu alishinda na dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Magharibi, aliyekuwa na miezi minne tu Nairobi. Mkononi mwa mtoto, upande wa ndani karibu na kiwiko, kulikuwa na mstari mwekundu wa urefu wa kidole, ngozi imeiva, malengelenge madogo yamejipanga juu yake.

"Umemchoma na nini?" mama alikuwa akiuliza. "Niambie tu. Ni pasi? Ni mwiko wa ugali?"

Binti alikuwa akiapa kwa jina la mamake kwamba hajui.

Mtu akaniona. "Fundi, wewe una macho. Hebu njoo uangalie."

Nilisimama mlangoni, begi begani, balbu ya chumba ikiwa hafifu, mtoto akilia na kuuvuta mkono. Sikuinama. Sikutoa lenzi, na lenzi ilikuwa mfukoni. Nilitupa jicho kama mpita njia, nikasema, "Ni kama moto. Kitu cha moto kimemgusa."

Hayo tu. Nikaenda kula. Asubuhi yake binti aliondolewa, nusu ya mshahara mkononi na mfuko mmoja wa nailoni. Sanduku lake lilibaki. Nilimpita kwenye geti nikielekea stejini. Aliniamkia, nami nikaitikia.

Ijumaa niliamka shingo ikiwaka. Nilipotazama kwenye kioo cha kunyolea niliona mstari ule ule. Ulianzia chini ya taya la kushoto, ukavuka koo, ukaishia karibu na sikio la kulia, na kufikia mchana malengelenge yalikuwa yametokea. Kwenye duka la dawa nililopitia mjini niliambiwa ni mkanda wa jeshi na nikauziwa vidonge. Nilivinunua, nikakaa mezani, nikaviweka pembeni. Mkanda wa jeshi hufuata mshipa wa fahamu na hushika upande mmoja wa mwili. Mamangu aliwahi kuupata, na haukuvuka katikati. Wangu ulikuwa umekatiza koo kama kamba. Na mimi hakuna aliyenichoma.

Siku ile sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa na mikono miwili mbele yangu, ule wa mtoto na ule wa binti ulioshika mfuko wa nailoni, na shingo yangu ikiniuma katikati yao.

Usiku nilijiuliza swali ambalo humuuliza mteja: mara ya mwisho iligusana na nini? Kilichogusa shingo yangu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa mfuto mmoja, ni taulo. Taulo huning'inia kwenye kamba ndani ya chumba, chini ya balbu. Niliitandaza mezani, nikaipekua mkunjo kwa mkunjo, na kwenye pindo nikamkuta, amepondeka, urefu hafiki sentimita moja, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Nilipoinua macho nilimwona mwenzake mzima akikimbia ukutani, karibu na balbu. Nilimfunika kwa glasi, nikateleza kadi chini yake, nikamleta kwenye taa.

Nilikuwa nimewaona wadudu hao wiki nzima. Nilikuwa nimewaita siafu wa rangi na kuwapita, kwa kuwa walikuwa wengi na mimi nilikuwa natafuta wakubwa wenye pembe.

Safari hii nilitazama. Kichwa cheusi. Kifua chekundu kama pilipili iliyoiva. Kisha vifuniko viwili vidogo vya bluu inayometa, bluu ya mkono wa saa uliochomwa vizuri motoni. Tumbo refu, jekundu tena, na ncha nyeusi. Siafu? Siafu ana kiuno, na vipapasio vyake vimevunjika katikati kama kiwiko. Huyu hakuwa na kiuno, na vipapasio vyake vilinyooka kama ushanga uliotungwa. Je, yule mdudu mwenye koleo mkiani, apatikanaye chini ya vyungu vya maua? Naye ana vifuniko vifupi mgongoni. Lakini huyu hakuwa na koleo. Nilipogusa glasi aliinua ncha ya tumbo juu kama nge, na sikuona mwiba.

Jirani wa kulia alichungulia. "Si hiyo ni Nairobi flai? Chunga, itakukojolea."

Niliganda na kibanio mkononi. Jina hilo nalijua tangu 1998. Nilikuwa mwanagenzi, mvua za El Niño zimetoka tu kulifurika jiji, na wateja walikuja mezani macho yamevimba, wengine mashavu yamebambuka, wakisema ni Nairobi flai. Kwa miaka ishirini na mmoja nilikuwa nikiijua Nairobi flai, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikitazama nzi. Flai ni nzi. Nilitarajia kitu chenye mabawa ya wazi kinachovuma, kinachotua na kuruka. Mdudu mwenyewe alipita mbele yangu kila msimu, anakimbia kwa miguu, na jina lake likanizuia kumwona. Naamini hata watu waliosimama mlangoni ile Jumanne wengi wao walilijua jina. Hakuna aliyelitaja, kwa kuwa hakuna aliyeona nzi.

Basi nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu. Nilimchukua yule aliyekufa, nikamshika kwa vibanio viwili bila kumgusa kwa kidole, nikaingiza ncha ya pini chini ya kifuniko kimoja cha bluu. Kiliinuka kama mlango wa kabati. Chini yake kulikuwa na kitu kama karatasi ya sigara iliyofinyangwa. Nilikivuta polepole. Kilikunjuka, kikaendelea kukunjuka, mpaka nikawa na bawa zima mbele yangu, angavu, refu kupita tumbo lenyewe. Nimefungua mapipa ya springi maelfu, na najua jinsi utepe mrefu unavyoweza kulala ndani ya kikopo kidogo. Hata hivyo sikuwahi kuona mkunjo kama ule, leso nzima ndani ya kiberiti. Upande wa pili, vivyo hivyo. Nzi ana jozi moja tu ya mabawa, na nyuma yake virungu viwili vidogo vya kumsawazisha angani. Huyu alikuwa na jozi mbili, na ya mbele ilikuwa ngumu. Nilikuwa na mbawakawa mkononi.

Yule hai alinionyesha mengine. Chini ya glasi alijirusha, akagonga, akatua na mabawa nje. Kisha ile ncha ya tumbo aliyokuwa ameiinua kunitisha ikaanza kazi: alipinda mkia mpaka mgongoni, akasukuma bawa la kushoto ndani, akasukuma la kulia, akapapasa tena kidogo, vifuniko vikashuka. Sekunde chache tu. Nilimfanya arudie mara nne, na mara zote nne nilisahau shingo yangu.

Kilichofuata nilikipata kwa kusoma, usiku kadhaa kwa simu na Jumamosi moja kwa vitabu vya kukopa. Ukoo wake ni Staphylinidae, mbawakawa wa vifuniko vifupi, wenye aina zaidi ya 60,000 zilizotajwa. Jenasi yake ni Paederus. Haumi wala hana mwiba, na hakojoi mtu. Sumu imo ndani ya mwili wake, na humfikia mtu anapopondwa juu ya ngozi. Inaitwa pederini. Waitaliano Pavan na Bo waliitenga mwaka 1953 kutoka kwa ndugu yake wa mashamba ya mpunga, na ili kipatikane kiasi cha kuichunguza walikusanywa wadudu milioni 25. Niliisoma idadi hiyo mara mbili nikiwaza juu ya mikono iliyowaokota. Baadaye ikajulikana kwamba mdudu mwenyewe hata haitengenezi: inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike, na jike huipitisha kwenye mayai yake.

Lakini jambo lililonikalisha kitako ni saa. Pederini haichomi papo hapo. Ngozi hutulia kama hakuna kitu, kisha baada ya siku moja au mbili ndipo wekundu unatokea, na malengelenge baada yake. Mtu anayetafuta mkosaji wa jeraha lililoonekana Jumanne jioni atatafuta Jumanne mchana. Anapaswa kutafuta Jumapili usiku. Na Jumapili usiku dada wa kazi hakuwapo. Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko, alilala kwa shangazi yake Kawangware. Mtoto alilala kitanda kimoja na mamake.

Nilibisha mlango wa nne siku ya pili baada ya kusoma hilo, mchana, kukiwa na mwanga. Niliomba ruhusa. Safari hii nilipiga magoti, nikatoa lenzi, nikamwacha mtoto aichezee kwanza. Malengelenge yalikuwa yamekauka na kuwa magamba. Na pale nikaona kitu ambacho kingeonekana Jumanne kama ningeinama: ng'ambo ya mkunjo wa kiwiko kulikuwa na alama ya pili, ndogo na hafifu kuliko ya kwanza. Nilimwomba akunje mkono. Zilikutana sawasawa, kama muhuri na karatasi yake. Pasi haichomi hivyo. Mwiko hauchomi hivyo. Mtoto alimponda mdudu usingizini, akakunja mkono, majimaji yakajichapa upande wa pili.

Nilimwonyesha mama shingo yangu. Nilimwonyesha mdudu kwenye kichupa. Halafu nilimwambia, "Mama, nilisema moto na sikuwa nimetazama. Nilikosea."

Hakunijibu kwa muda. Aliketi kitandani akahesabu siku kwa vidole, akafika Jumapili, akanyamaza. "Nililala naye mimi," akasema. Kisha akachukua simu.

Binti alikuja wiki moja baadaye, jioni, kuchukua sanduku lake na mshahara uliobaki. Alikuwa ameshapata kazi kwingine, Kinoo, na hakutaka kurudi. Hakusema kwa hasira, alisema tu kwamba huko wanamwamini. Mama alimwomba msamaha mbele yetu sote. Mimi nilimfuata getini nikamwomba wangu. Alinitazama, akauliza, "Ni huyo mdudu mliyesema?"

Nilimleta mezani kwangu, nikambana lenzi jichoni, nikamwelekezea taa. Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alihesabu rangi kwa sauti ndogo. Nilimfungulia kifuniko cha bluu kwa pini akaona bawa likitoka.

"Kumbe ni mzuri hivi," akasema.

Akiwa bado anatazama, mmoja alikimbia ukutani nyuma ya taa. Kabla sijainuka alikuwa ameshageuza glasi, akamfunika, akateleza kadi chini kama alivyoniona nikifanya, akanikabidhi. Nilimtia kwenye spiriti. Alinawa mikono kwa sabuni kwa vile nilimwambia anawe, ingawa hakumgusa, akabeba sanduku lake akaenda kupanda matatu.

Desemba ile tuliubadilisha mtindo wa maisha kwenye ploti kwa mambo madogo. Mdudu akitua mwilini apulizwe au aelekezwe kwenye karatasi, asipigwe. Aliyemponda anawe papo hapo kwa maji na sabuni, na asishike macho. Taulo na shuka vikung'utwe kabla ya kulala. Mwenye ploti alikubali kuiondoa taa ya juu ya milango na kuipeleka kwenye nguzo ya geti. Kuna waliotaka tupige dawa bonde zima, nikakataa kwa nguvu zangu zote, na bado ningekataa leo. Kule chini kwenye nepia mdudu huyu anakula mayai na wadudu wachanga wanaokula sukumawiki zetu. Bonde ni kwake. Ni sisi tuliosimamisha taa kubwa juu ya kichwa chake halafu tukashangaa amekuja. Jina la jiji lenyewe tumelipata kwa Wamaasai, Enkare Nyirobi, maji ya baridi, na kabla reli haijafika hapa mwaka 1899 palikuwa kinamasi. Kiumbe anayependa ukingo wa maji alikuwa na haki ya jina hilo kabla yetu; kosa ni lile neno la pili.

Januari 2020 nilichukua vichupa vyangu sita nikateremka Museum Hill. Makumbusho yale yalifunguliwa pale mwaka 1930, lakini mkusanyiko wake ulianzishwa na chama cha wapenda maumbile cha 1909, watu wasio na kazi ya sayansi, wengi wao kama mimi. Sehemu ya wadudu haiko kwenye kumbi za wageni. Nilieleza shida yangu, nikangoja, nikapokewa na mtafiti aliyenipeleka kati ya makabati, akavuta droo. Safu kwa safu za mbawakawa kwenye pini, kila mmoja na kikaratasi chini yake kidogo kuliko ukucha. Nilisoma Nairobi, Kabete, Ngong, kwa mwandiko wa kalamu za wino uliofifia.

Hakuniuliza kwanza ni aina gani. Aliuliza: wapi, lini, kwenye nini, na nani alimkamata. Nikaona haya. Viberiti vyangu vya miaka kumi na mitatu vingi vimeandikwa Kangemi, basi. Alinieleza kwa upole kwamba mdudu asiye na mahali na tarehe hawezi kumsaidia mtu anayekuja kuuliza swali miaka hamsini baadaye.

Juu ya aina hatukufika mwisho. Kwetu Afrika Mashariki majina yanayotajwa zaidi ni mawili, Paederus sabaeus na Paederus eximius, na kuwatenganisha kwa rangi pekee si kazi ya kuaminika. Inabidi kumpasua dume na kutazama kiungo chake cha uzazi chini ya hadubini, na kati ya wangu sita hatukumpata dume aliyehifadhiwa vizuri. "Tuandike Paederus, tuishie hapo," akasema. Nilifurahi kuliko kama angenipa majina mawili. Mzee wangu wa Luthuli Avenue angemkubali mtu yule.

Alinipa karatasi nene na penseli, kwa sababu wino huyeyuka ndani ya spiriti, nikaandika lebo zangu za kwanza za kweli. Kenya. Nairobi, Kangemi, ukingo wa bonde, mita 1,700 na ushei. Novemba 2019. Ukutani, kwenye mwanga wa taa, usiku. Tano niliziandika jina langu.

Kwenye ya sita nilisimamisha penseli, nikatoka nje kwenye ngazi, nikampigia simu Kinoo. Nilimuuliza majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Aliuliza ni ya nini, nikamwambia. Alicheka kidogo, akaniambia ningoje amalize kumvalisha mtoto, kisha akanitajia, herufi moja moja, nami nikayaandika.